Mapipa Manane ya Bluu

Hekalu la Kilima cha Nyuki, Sakon Nakhon
28 Julai 2022

Kwa binti yangu Phitsamai,

Nimeambiwa kwamba tangu nilipovaa vazi la utawa sitakiwi kukuita mwanangu. Nikuite "muumini", kama ninavyowaita akina mama wanaonitilia wali kwenye bakuli asubuhi. Nimejaribu. Nimeandika "Kwa muumini Phitsamai" nikajiona kama karani wa ofisi ya ardhi, nikakichana kile kikaratasi. Mkuu wetu wa hekalu asipoisoma barua hii tutaelewana.

Niko salama. Leo ni siku ya kumi na tano. Simu zetu zimefungiwa kabatini mpaka miezi mitatu ya mvua iishe, kwa hiyo barua anazichukua Mama Buakhai akileta chakula, na mwanawe anazifikisha posta kwa pikipiki. Tunakula mara moja tu kwa siku. Magoti yanalia. Miaka ishirini na miwili nimezima moto kiwandani bila kulalamika, na sasa nashindwa na kukaa kitako!

Juzi walikuja watu wa afya wakatupima damu watawa wote kumi na mmoja. Karatasi yangu naituma humu, uniambie inasema nini, maana wewe ndiye mtu wa maabara. Kuna namba imepigiwa mstari mwekundu. Yule nesi alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayevuta sigara karibu na petroli, lakini hakusema kitu kwa kuwa mimi ni mtawa. Ningekuwa Bunloet wa kawaida angenitolea uvivu.

Usiwe na wasiwasi kuhusu chakula. Maji nayo ni ya mvua, safi, ya mapipa yangu. Unayakumbuka? Yale manane ya bluu niliyoyatoa hapa mwaka juzi kwa ajili ya thawabu ya mama yako. Wameyaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: "Imetolewa na Bunloet, kwa marehemu Kamlai." Kila nikichota naliona jina lake.

Mwambie mumeo Wichan asipake rangi ya kijani kwenye kile chumba changu. Na wewe, Oi wangu, kama tunavyokuita nyumbani, mtoto wako ameota jino? Mvua zikiisha nitavua vazi hili na nitakuja kumbeba mwenyewe. Sasa hivi hata kumgusa siruhusiwi, kwa kuwa ni mwanamke, eti. Mwanamke wa miezi minane!

Baba yako,
Bunloet


Rayong
5 Agosti 2022

Mtawa Baba,

Nakuinamia mara tatu kama inavyotakiwa. Sasa nakaa wima, tuongee.

Namba ile ni kipimo cha ini. Ini likiumia linavuja kitu fulani kwenye damu, na sisi maabara tunakipima. Kwa mtu mzima isizidi arobaini. Mwaka jana hospitalini kwetu yako ilikuwa sabini na moja, daktari akasema ni pombe, na wewe ukakubali mbele yangu kwamba ni pombe. Sasa ni mia moja arobaini na tatu. Imepanda mara mbili, Baba.

Sitazunguka. Unakunywa?

Najua ulianza mama alipofariki, na sijawahi kukulaumu kwa hilo. Lakini sijasahau sikukuu ya kumwagiana maji, ulipompakia mpwa wa Wichan kwenye pikipiki ukiwa umelewa chakari mkaangukia shambani. Mtoto wa miaka sita. Wichan alikubali uje kuishi nasi kwa sharti moja, na sharti lenyewe ulilitamka wewe mwenyewe: ukigusa chupa, chumba hakipo. Ulisema utavaa utawa miezi mitatu ili tuamini.

Kama umeteleza, niambie sasa hivi. Nitakusaidia. Ila mtoto sitamweka mapajani mwako mpaka hiyo namba ishuke. Nasema hivi nikilia, lakini nasema.

Jino limetoka moja, la chini. Rangi ni njano.

Phitsamai


Kilima cha Nyuki
13 Agosti 2022

Phitsamai,

Sinywi.

Nimeandika neno hilo peke yake ili ulione. Tone la mwisho nilikunywa mwezi wa sita mwaka jana. Kujificha kwangu unakujua: chupa kwenye gunia la mchele, na mama yako aliipata kila mara. Mtu wa namna hiyo ataficha wapi pombe kwenye kibanda chenye mkeka, chandarua na kandili?

Tena mtawa akinywa si kuteleza tu. Anawakosea wote wanaomtilia wali. Mama Buakhai ana magoti mabovu kuliko yangu na anapanda hiki kilima kila siku. Unadhani nitakula chakula chake nikiwa nanuka pombe?

Nilivyosoma barua yako nilikasirika. Halafu nikashuka hadi zahanati nikaomba wanipime tena, kusudi nikutumie karatasi mpya ikufunge mdomo. Karatasi ndiyo hii. Mia moja hamsini na nane. Imepanda, nami siku zote hizi sijatia kinywani kitu zaidi ya wali wa kunata, mboga, samaki na maji ya mvua.

Sielewi. Nachoka mapema, na ngozi inaniwasha mgongoni. Jana ilikuwa Siku ya Mama. Nilikaa karibu na mapipa nikimsomea mama yako sala, nikajiuliza kama yeye angeniamini. Nadhani angeninusa kwanza, halafu angeniamini.

Baba yako


Rayong
18 Agosti 2022

Kwa Mkuu wa Hekalu la Kilima cha Nyuki,

Naleta salamu na heshima zangu zote, na naomba radhi kwa kukusumbua katika miezi ya mvua.

Mimi ni binti wa mtawa Bunloet. Vipimo vya ini lake vinapanda, na baba yangu ana historia ya pombe. Yeye anakana. Nafanya kazi maabara na nimeona wengi wanaokana. Naomba, kwa siri, kibanda chake kikaguliwe. Simwombei aibu. Namwombea uhai, na nina mtoto mdogo ninayetaka amjue babu yake.

Kama inawezekana, naomba pia majibu ya wengine waliopimwa siku ile, ili nilinganishe.

Naomba asijue kwamba ni mimi.

Phitsamai


Kilima cha Nyuki
27 Agosti 2022

Muumini Phitsamai,

Nilikagua. Nilimkuta mwenyewe yupo, kwa hiyo siri yako haikudumu hata dakika moja. Nilimwambia, "Nina barua." Akauliza, "Mwandiko umelala kulia?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi, akanipa mgongo.

Haya ndiyo niliyoyapata: dawa ya kuchua, picha ya mkewe, pakiti tatu za kahawa ambazo anajua sizitaki hapa hekaluni, na soksi za mtoto, jozi moja, ndogo kiasi kwamba nilidhani ni za kidole gumba. Chupa hakuna. Nimenusa hadi mkeka, mtu mzima mimi wa miaka sitini na sita. Nilipotoka nilikuwa na aibu kuliko yeye.

Umeomba majibu yetu. Ninayatuma, wote wameridhia. Tuko kumi na mmoja na sita tuna mstari mwekundu, mimi nikiwamo. Sijanywa pombe tangu nikiwa na miaka ishirini. Kama ni pombe basi hapa kilimani tuna kilabu na mimi mkuu wake sijaalikwa.

Wasio na mstari ni vijana wanne walioingia mwaka huu, na mtawa Khamphan. Huyo yuko hapa miaka tisa na anatuchosha kwa visa vyake. Hanywi maji ila ya mtungi wa zamani wa saruji nyuma ya jiko. Anadai maji ya plastiki yana harufu. Hayana. Nimeyanusa pia.

Mwandikie baba yako. Mimi si mtu wa kumbembeleza mtu.

Inthawong


Rayong
3 Septemba 2022

Baba,

Nimekukosea. Nilikuandikia kama mpelelezi, halafu nikakushtaki kwa Mkuu wako. Nilitaka sana kuwa sahihi kuliko kukusikiliza. Nisamehe. Soksi zile mtoto ameshazipita, lakini tafadhali usizitupe.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo. Nimempigia mwenzangu wa maabara ya Sakon Nakhon. Damu zenu zilipimwa virusi vyote vya ini, hakuna. Minyoo ya samaki wabichi, hakuna. Watu sita wenye ini linalovuja, wote wanakunywa kwenye mapipa. Aliye salama baada ya miaka tisa hanywi humo. Vijana, siku ya kupimwa, ndio kwanza walikuwa na mwezi mmoja.

Baba, yale mapipa yalikuwa na nini?

Ulituambia kampuni iliyatoa. Naomba unieleze kama ulivyokuwa ukiandika ripoti ya moto: nini kilikuwepo, nani alifanya nini, lini. Na kuanzia leo msinywe tone moja humo. Rudini kwenye mitungi ya saruji wote. Lakini maji yaliyomo msiyamwage. Yafunikeni, na yasipikiwe chakula.

Naogopa jibu lako, lakini andika.

Oi


Kilima cha Nyuki
10 Septemba 2022

Oi mwanangu,

Ripoti.

Yalikuwa mapipa ya dawa ya povu, lile povu zito tulilotumia kuzima moto wa mafuta. Kanuni ya kiwanda ilisema pipa likiisha litobolewe mashimo matatu na kukabidhiwa watu wa taka za sumu. Mimi nilikuwa kiongozi wa zamu. Karatasi ya kwamba yametobolewa nilisaini mimi. Hayakutobolewa. Kila mtu zamuni alibeba lake nyumbani. Mimi nilichukua kumi kwa miaka kadhaa: mawili tuliyaweka nyuma ya nyumba yetu pale Rayong, na manane nilikuja nayo huku nilipostaafu. Kampuni haikutoa kitu. Hilo nilikudanganya wewe na mama yako.

Nilifanya hivyo kwa kuwa yalikuwa mapipa mazuri. Mazito, mfuniko unakaza. Kutoboa pipa kama lile ilikuwa inauma. Na niliyasuuza, Oi, usidhani sikuyasuuza. Sisi wazima moto tuna kipimo kimoja tu cha usafi: ukitikisa maji na povu halitokei, basi. Niliyasuuza mpaka povu likaisha kabisa. Hayakuwa na rangi wala harufu.

Hatukuiogopa ile dawa. Tuliiona sabuni tu. Tulioshea magari, pikipiki, buti. Tukimaliza mazoezi tulikuwa tumelowa hadi chupi, tunakula chakula cha mchana hivyo hivyo. Na kila Siku ya Watoto mwezi wa Januari tulipeleka gari la zimamoto uwanjani tukamwaga povu hadi kiunoni, watoto wacheze. Mwaka mmoja ulikuwa na miaka tisa. Ulizama mule ukaibuka na povu kwenye kope, ukaniita, "Baba, ongeza!" Nikaongeza. Nilikuwa mimi kwenye bomba.

Mkuu sijamwambia. Nimesema tu kwamba mapipa yanahitaji kusafishwa, wakahamia mitungi ya saruji bila swali. Khamphan anatembea kama ameshinda uchaguzi.

Nawezaje kumwambia? Siku nilipoyatoa mapipa tulimimina maji kwenye bakuli kama desturi, thawabu imfikie mama yako kokote aliko. Sasa nilimpelekea nini?

Na wewe je? Ulikunywa yale mawili ya nyumbani tangu ukiwa darasa la tatu. Umepima?

Baba


Rayong
19 Septemba 2022

Baba,

Asante kwa ripoti. Nimeisoma jikoni nimesimama.

Chupa za sampuli nilizomtumia mtoto wa Mama Buakhai ajaze yale maji zimeshafika chuo kikuu Bangkok. Nimeongea na daktari mmoja anayechunguza mambo haya. Nakueleza kama alivyonieleza.

Ndani ya povu lile kulikuwa na kemikali zilizotengenezwa makusudi zisiungue, zisioze na zitandaze maji juu ya mafuta. Ndiyo sababu ya kuzima moto vizuri. Wenyewe wanaziita kemikali zisizokufa. Povu linaisha, zenyewe zinabaki zimeng'ang'ania plastiki na kutoka kidogo kidogo. Mwilini zinashikana na damu na kukaa kwenye ini. Ini halina namna ya kuzivunja, kwa hiyo linazungushana nazo tu, na kwa wengine linaanza kujaa mafuta hata kama mtu hajawahi kuonja pombe. Nusu yake hutoka baada ya miaka kadhaa, kisha nusu ya iliyobaki, hivyo hivyo. Dawa ya kuzitoa kwa haraka hakuna.

Daktari alisisitiza niandike na hili: hawezi kuapa kwamba ini la fulani limeharibiwa na pipa fulani. Anaweza kusema kilichomo majini, kilichomo kwenye damu, na kwamba vitu hivi viwili mara nyingi huonekana pamoja na namba kama zenu. Lako yeye angetegemea liwe baya kuliko la wote. Wengine walikunywa miaka miwili. Wewe uliogelea humo miaka ishirini na miwili.

Sasa la Mkuu. "Yanahitaji kusafishwa"? Baba! Mimi ulinidanganya nikiwa mdogo, sawa, yameisha. Yule mzee amenusa mkeka wako kwa ajili yangu. Majibu ya maji yatatumwa kwake, si kwako, kwa sababu mali ni ya hekalu. Karatasi ikifika kabla yako, itakuwa imesema yenyewe, na utabaki mtu aliyefichuliwa. Mwambie wewe. Usingoje.

Mtoto anatambaa, kinyumenyume. Kuhusu mimi usijali, nina kazi nyingi.

Oi


Kilima cha Nyuki
11 Oktoba 2022

Oi,

Nilingoja. Najua ulisema nisingoje. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi Mkuu alikuwa na jambo: mara paa linavuja, mara kindi wamekula ndizi za sadaka na anataka kujua ni nani aliacha dirisha wazi. Woga haukosi sababu.

Jana mvua ziliisha kwa hesabu yetu. Desturi ya siku hiyo unaijua. Kila mtawa, kuanzia Mkuu mwenyewe, anapiga magoti mbele ya wenzake na kuwaomba wamwambie makosa yake, waliyoyaona, waliyoyasikia au wanayoyashuku. Kwa kawaida hakuna anayesema kitu. Unaomba, wananyamaza, unarudi kukaa. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa nilivishwa vazi wa mwisho.

Nikaomba. Wakanyamaza. Nikasema, "Hamjaona, hamjasikia wala hamshuku, kwa hiyo nitasema mwenyewe."

Nikayasema yote. Povu, karatasi niliyosaini, uongo wa kusafisha. Hata kahawa.

Mkuu akauliza, "Ulijua yana sumu?"

"Nilijua yametoka wapi. Sikujua yanafanya nini."

"Na kanuni ilisema nini?"

"Yatobolewe, Mkuu."

"Sasa kwa nini hukuyatoboa?"

"Yalikuwa mazuri."

Kijana mmoja akacheka, akaziba mdomo. Mkuu hakucheka. Akasema, "Miaka miwili nimekuombea baraka kila nikinywa. Watu hawa wamekunywa kwa sababu mimi nilikunywa kwanza." Halafu akaingiza mkono kwenye vazi lake akatoa bahasha ya chuo kikuu. Ilikuwa imefika siku nne kabla. Haikuwa imefunguliwa. Akasema, "Binti yako aliniandikia nisiifungue mpaka leo jioni. Alisema utasema. Mimi niliona husemi."

Oi, hilo hukuniambia. Nililia mbele yao wote, na sioni aibu kuliandika.

Aliifungua. Dawa imo majini, kwa wingi. Watu wa wilaya watakuja kuyachukua mapipa wiki ijayo, na watawa watapimwa kila baada ya miezi sita. Mkuu akaniagiza nikalete rangi na brashi, niandike kwenye kila pipa kwamba maji hayo hayanywewi, nisije nikamwachia kazi mtu mwingine.

Nilimuuliza kuhusu mama yako. Nilimuuliza kama thawabu ile ilimfikia, au nilimfikishia sumu. Akasema, "Nia yako ilimfikia. Maji hayakwenda." Ni mtu mkali, lakini alilisema taratibu.

Basi nikaandika. "Maji haya yasinywewe," mara nane. Nilipomaliza nilichovya brashi tena nikalifuta jina la Kamlai, pipa moja baada ya jingine, kwa kuwa yeye hakusaini chochote. La kwangu nililiacha. Sasa mapipa yanasomeka: "Imetolewa na Bunloet. Maji haya yasinywewe."

Kesho kutwa navua vazi. Chumba sikidai tena. Ulitaka namba ishuke, na wewe umeshanieleza kwamba haitashuka upesi, huenda nisiione ikishuka. Ningeomba ingekuwa pombe, mwanangu. Pombe ningeiacha. Nilishaiacha.

Nitabaki hapa kijijini, nimsaidie Mama Buakhai na kilima chake. Ila hukunijibu swali langu. Umepima?

Baba


Rayong
15 Oktoba 2022

Baba,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja. Nimepima. Ninayo. Si nyingi kama yako, ila ni nyingi kuliko watu wengi wa rika langu. Ini langu kwa sasa halivuji. Daktari amesema niendelee kumnyonyesha mtoto, faida bado inashinda, na nipime kila mwaka. Nimemwambia sawa. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kazini.

Nimekukasirikia siku mbili nzima. Nilitaka ulijue hilo. Siku ya tatu nikamkumbuka yule mtoto uwanjani. Baba, nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Hiyo nayo usije ukaifuta kwa brashi.

Kubaki kijijini ni upuuzi. Zahanati yenu haina mtaalamu wa ini, na mimi nimeshakuwekea miadi tarehe ishirini na sita. Pia kuna kazi. Zamu yako ilikuwa na watu wangapi, kumi na nne? Kila mmoja alibeba pipa lake nyumbani, na kila mmoja ana mke na watoto. Hakuna aliyewaambia. Wakiniona mimi watasema ni binti wa maabara anatafuta makuu. Wewe walikuwa wanakutii. Utakwenda nyumba kwa nyumba, uwaambie ulivyowaambia watawa, na mimi nitakuwa nyuma yako na sindano.

Wichan atakuja na gari Jumamosi ijayo. Amesema nikuandikie kwamba sharti lilikuwa la pombe, hakuna aliyetaja mapipa. Chumba bado ni njano.

Kuhusu mtoto, niliandika kwamba sitamweka mapajani mwako mpaka namba ishuke. Namba haitashuka. Njoo umbebe hivyo hivyo.

Oi